Barua ya wazi kwa Mbunge wetu: fedha za ulinzi umezipitisha, fidia ya mashamba hukuiuliza

Mheshimiwa Mbunge,

Salamu kutoka jimboni, na pole kwa kazi nzito ya Dodoma. Kazi yenyewe tumeiona. Video yako ya mwezi Mei bado inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya kata nzima, ile uliyosimama kuchangia makadirio ya Wizara ya Ulinzi. Ulianza na pongezi, ukaendelea na pongezi, ukagusia amani ya nchi yetu, kengele ya pili ikakukuta unasema "naunga mkono hoja mia kwa mia." Juni, jina lako lilipoitwa kwenye kura ya wazi ya bajeti kuu, ukajibu "Ndiyo" kwa sauti ambayo huku milimani hatujawahi kuisikia siku za kuulizia fidia. Ndaga fijo, yaani asante sana, Mheshimiwa.

Wiki hiyohiyo ilibandikwa barua kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Wenye mashamba ndani ya bikoni (alama za mipaka) za upanuzi wa kambi ya jeshi wavune kilichopo, waondoke mwisho wa Agosti, wasiandae mashamba ya msimu ujao. Kuhusu fidia, barua ina mstari mmoja: "taratibu zinaendelea." Barua za kawaida tulizoleta ofisini kwako zina mihuri ya kupokelewa, majibu hazina. Ndiyo maana hii tunaiandika mbele za watu.

Tuelewane mapema, maana tunajua kitakachosemwa. Hatuna ugomvi na askari wala hatupingi nchi kujilinda. Wazee wa huku wanaikumbuka 1978, Amin alipoingia Kagera, nchi ilivyochanga ng'ombe na mahindi na hakuna aliyedai risiti. Vijana wetu wamevaa na wanavaa sare hizo. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Gharama ya kuwalinda wote hao haiwezi kubebwa na vitongoji viwili vya mlimani vinavyolima viazi na pareto.

Utaambiwa, na pengine nawe utatuambia, kwamba bajeti ni mambo ya kitaalamu. Sawa, tumejifunza. Makadirio ya ulinzi yanakuja na mafungu matatu: Fungu 38 la Ngome (jeshi lenyewe), Fungu 39 la JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na Fungu 57 la Wizara. Kamati ya kudumu inayohusika inayapitia kwanza, kisha Waziri anasoma hotuba, wabunge mnachangia, halafu Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupita kifungu kwa kifungu. Hapo ndipo mbunge wa kawaida, hata asiye na cheo chochote, anakuwa na nguvu. Kikifika kifungu cha 1001, chenye mshahara wa Waziri, unasimama na kuomba ufafanuzi wa jambo moja mahususi. Usiporidhika unashika shilingi, yaani unatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Waziri analazimika kujibu, wenzako wanaweza kukuunga mkono, na kila neno linaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Wengi huirudisha shilingi jioni ileile wakishapewa ahadi yenye tarehe ndani yake, na hakuna anayewaita wapinzani wa jeshi.

Hatukukutuma uangushe bajeti. Ibara ya 90 ya Katiba tunaijua: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja, na hatuwezi kukuomba ujifukuze kazi. Tulikutuma shilingi moja, Mheshimiwa. Dakika tano kabla muda haujaisha na vifungu vilivyobaki kupitishwa kwa mkupuo. Wenzako kutoka majimbo yenye migogoro kama huu wetu huuliza. Kiti chako kilikuwa na mtu, swali halikuwapo.

Sasa tukueleze tatizo lilipo, kwa sababu tunaamini (tunajitahidi kuamini) kwamba hukupewa maelezo kamili.

Wathamini walipokuja, ni mwaka wa nne huu, kazi waliifanya. Walipima kila shamba kwa GPS, wakahesabu miti, wakapima nyumba kwa futi, wakampiga picha kila mwenye shamba akiwa ameshika kibao chenye namba yake, mwenyekiti wa kitongoji akishuhudia. Fomu zikasainiwa. Tukaambiwa kuanzia siku hiyo hakuna kupanda zao la kudumu wala kujenga, kwa kuwa kitakachoongezwa hakitahesabiwa. Tukatii. Jedwali la fidia lilitakiwa liende ngazi za wilaya na mkoa kupata sahihi, kisha lifike kwa Mthamini Mkuu wa Serikali aliidhinishe. Kutoka hapo hatujui liko meza ya nani.

Na kila kitu kinategemea tarehe ya sahihi hiyo ya mwisho. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya kuidhinishwa. Ikichelewa zaidi ya hapo, inadai riba, kwa wastani wa riba ambazo benki hutoa kwenye amana za muda maalumu. Ikipita miaka miwili haijalipwa, uthamini wenyewe umekufa, inabidi ufanywe upya kwa bei za leo. Chukua mfano wa mtu ambaye ardhi na maendelezo yake vilithaminiwa Sh 10,000,000, na wastani wa riba hiyo tuseme ni asilimia 8. Posho yake ya usumbufu, inayokokotolewa kwa wastani huohuo wa riba, peke yake ni Sh 800,000. Miezi sita ikipita, riba juu ya milioni kumi hizo ni Sh 66,000 na ushee kila mwezi. Zidisha kwa kaya zote zilizoshika vibao, utaona kwa nini kuna mtu mahali asiyependa kuitaja tarehe hiyo.

Fidia si bei ya shamba peke yake, na hili lisemwe wazi kwa sababu kuna maofisa wanaokuja na lugha ya "kifuta jasho." Kifuta jasho ni hisani. Fidia kamili ina thamani ya ardhi kwa bei ya soko, ina maendelezo (nyumba, choo, mazao, miti), ina posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokokotolewa kwa kuhamisha tani 12 za mizigo umbali wa kilomita 20, na kwa anayepoteza nyumba, posho ya makazi ya miezi 36 ya kodi. Mwenye mashine ya kusaga au duka ana faida ya miezi 36 anayotakiwa kufidiwa. Makaburi yana sheria yake, ambayo inagharamia kuhamisha na kuzika upya, na hili halihitaji kufanywa kwa haraka ya wiki mbili.

Turudi kwenye miti, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumizwa kimyakimya. Ekari moja ya parachichi aina ya Hass kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 inabeba miche kama 80. Mche wa kubebesha uliopandwa kwenye shimo la sentimita 60 pande zote, ukapewa samadi na maji ya kiangazi, huanza kuzaa mwaka wa tatu. Uthamini unatofautisha mche mchanga na mti unaozaa, na tofauti ya thamani si ndogo. Miti mingi ya vitongoji hivi iliandikwa kama michanga, kwa haki kabisa, kwa sababu siku ile ilikuwa michanga. Leo inavunwa. Mkilipa kwa karatasi ile ya zamani, mmechukua mti unaozaa kwa bei ya mche, halafu mwenye mti anaenda kuanza shimo jipya sehemu nyingine na kusubiri tena miaka mitatu. Kuna wengine walizuiwa kupanda kabisa wakati jirani zao nje ya bikoni wanapakia kreti. Hasara ya hao haimo kwenye fomu yoyote.

Nyumba nazo. Nyufa haziwezi kuzibwa kwa saruji ambayo haitahesabiwa, kwa hiyo hazizibwi, na mvua za Machi zinafanya kazi yake. Choo cha shule kimejaa, halmashauri haiwezi kupeleka fedha kwenye eneo linalosubiri kutwaliwa. Hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lililo ndani ya bikoni hakuna mkopeshaji anayeigusa, kwa hiyo mbolea inanunuliwa kwa kuuza mahindi mabichi shambani. Na watu wanafariki. Jina likibaki kwenye jedwali na mwenyewe akiwa kaburini, familia inaanza kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama ya mwanzo, usimamizi wa mirathi, ndipo wafikirie akaunti ya benki. Walio hai nao majina yao hayafanani: kwenye kibao "Mwakyoma," kwenye kitambulisho cha NIDA "Mwakioma." Herufi moja inatosha kurudisha malipo Hazina. Hilo lingeweza kusahihishwa mapema kama jedwali lingebandikwa kijijini. Halijabandikwa.

Kwa nini limekwama? Tunahisi tu. Inawezekana fedha za fidia zilizotengwa zinaenda kwanza kwenye kambi zilizozungukwa na miji, ambako kelele hufika kwenye televisheni. Inawezekana jedwali halikuwahi kutoka mkoani. Wapo wanaosema lilifika kwa Mthamini Mkuu likarudishwa kwa kasoro, na aliyerudishiwa amehamishwa kituo. Hatuna ushahidi wa lolote kati ya hayo, wewe ndiye mwenye mlango wa kuingia na kuuliza.

Lakini kama sahihi ile haikuwahi kuwekwa, barua ya ubaoni ni tatizo kubwa zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 4, inasema ardhi ya kijiji haihamishwi mpaka aina, kiasi, namna na muda wa kulipa fidia viwe vimekubaliwa. Eneo likiwa chini ya hekta 250, karibu ekari 617, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Eneo letu kwa bikoni zilizowekwa halifiki huko. Mkutano uliofanyika uliitwa wa "kuhamasisha," watu wakasaini mahudhurio. Tunaomba sana karatasi ile ya mahudhurio isije ikaibuka siku moja ikiwa imegeuka muhtasari wa kukubali.

Kwenye kampeni ulisimama juu ya gari pale sokoni ukasema, "Hakuna atakayeondoka bila hela yake mkononi, mimi nitakuwa wa kwanza kulala mbele ya katapila." Video hiyo nayo tunayo. Hatukuombi ulale mbele ya katapila, baridi ya Julai huku unaijua. Tunaomba jambo dogo zaidi.

Bajeti imeshapita, hilo haturudishi. Njia zilizobaki unazijua kuliko sisi. Swali la msingi ni haki yako, na ukishajibiwa una maswali mawili ya nyongeza. Alhamisi kuna maswali kwa Waziri Mkuu. Na hata kabla Bunge halijakutana tena, ofisi ya Mthamini Mkuu iko hapohapo Dodoma unakokwenda kila mara. Hauhitajiki msafara. Ni kuingia, kutaja jina la kijiji na kuuliza: jedwali hili liliidhinishwa tarehe gani? Ukipata nakala, bandika kijijini. Kama limeidhinishwa na miezi sita imepita, dai riba yetu. Kama miaka miwili imepita, wathamini warudi na miti ihesabiwe ilivyo leo. Kama halijaidhinishwa, barua ya ubaoni iondolewe na watu waandae mashamba, kwa sababu mvua za Novemba hazisubiri taratibu zinazoendelea.

Tunajua tumeandika mengi. Ukisahau yote, lete tarehe. Usituletee Waziri, usituletee fulana wala mipira ya vijana, usije na ahadi ya kufuatilia. Tarehe iliyo kwenye jedwali, imeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri, kabla ya tarehe 31 Agosti.

Wapigakura wako,
wenye mashamba ndani ya bikoni.

Nakala: Mkuu wa Wilaya, Diwani wa Kata, Mwenyekiti wa Kijiji, ambaye tunamwomba aibandike hii kando ya ile nyingine.