Bei ya maji kwa ngazi inambana mpangaji

Ndugu Mhariri,

Kila bei ya maji inapopangwa upya mijini, tunaambiwa maskini wamekingwa: uniti za kwanza ni nafuu, na anayetumia sana ndiye anayelipa zaidi; hizo ndizo ngazi za bei. Kwenye karatasi ni haki tupu. Kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga, ambako familia sita zinachota bomba moja lenye mita moja, mpango huohuo unamfanya maskini anunue maji ghali kuliko jirani yake mwenye nafasi.

Hesabu yake si ngumu. Uniti moja ni lita 1,000. Mtu mmoja akitumia lita 40 kwa siku, familia ya watu watano inamaliza uniti 6 kwa mwezi. Tuseme, kwa fedha yoyote ile, uniti 6 za kwanza zinalipiwa 1 kila moja, kuanzia ya 7 hadi ya 20 zinalipiwa 2, na zinazozidi hapo zinalipiwa 3. Familia yenye mita yake italipa 6. Familia sita zikiwa kwenye mita moja, mita inasoma uniti 36, na mamlaka inaona mteja mmoja mfujaji: 6 kwa ngazi ya kwanza, 28 kwa ya pili, 48 kwa ya tatu, jumla 82. Kila familia ingekuwa na mita yake, zote sita zingelipa 36. Nyumba ya watu wawili inayomwagilia bustani na kuosha gari kwa uniti 12 italipa 18, yaani 1.5 kwa uniti. Mpangaji analipa karibu 2.3.

Hapo mwenye nyumba hajaongeza chake. Tena bili ikimshtua, hubandika kufuli kwenye bomba na kulifungua asubuhi na jioni tu. Wanaodai kwamba ngazi za bei zinafundisha watu kubana matumizi wakumbuke kwamba mpangaji hata haioni hiyo bili. Anachokiona ni kufuli.

Kosa la kuhesabu mita badala ya kaya halimo kwenye bei peke yake. Afrika Kusini ilipoanza kutoa maji ya msingi bure mwaka 2001, kiwango kilikuwa lita 6,000 kwa kaya kwa mwezi, sawa na lita 25 kwa mtu kwa siku katika kaya ya watu wanane. Huko Phiri, Soweto, mgao huo ulifuata kiwanja na mwenye akaunti, hata pale kiwanja kilipokuwa na kaya zaidi ya moja. Wakazi walikwenda mahakamani wakidai lita 50 kwa kila mtu. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba iliona kwamba sera ya jiji la Johannesburg haikuvunja katiba. Kisheria shauri liliishia hapo, lakini kugawa kwa kiwanja kulibaki kuwa kugawa kwa kiwanja.

Dawa ipo, na si ghali. Mamlaka ya maji iandikishe idadi ya kaya kwenye kila mita, kisha ngazi zizidishwe kwa idadi hiyo. Kwa mfano wetu, ngazi ya kwanza ya nyumba yenye kaya sita itafika uniti 36, na bili itashuka kutoka 82 hadi 36. Wasoma mita tayari wanapita kila mwezi. Fomu ya kaya ijazwe wakati huohuo, ithibitishwe na serikali ya mtaa, na ihuishwe kila mwaka.

Mpango huu una mianya miwili. Kwanza, mwenye nyumba ataandikisha kaya hewa, kwa hiyo uniti chache mno kwa kaya moja ziwe ishara ya kwenda kukagua. Pili, na hili ndilo hupuuzwa, bili itashuka lakini mpangaji ataendelea kutozwa kama zamani. Kwa hiyo bili ionyeshe wazi idadi ya kaya na kiasi kwa kila kaya, na kiasi hicho kitumwe kwa ujumbe wa simu kwa wapangaji walioandikishwa. Mita ndogo kwa kila chumba zinapendwa na wenye mitaji, lakini jumla yake mara nyingi haifikii ya mita kuu, kwa sababu ya mabomba yanayovuja na matone ambayo mita ndogo haiyasomi. Bila kanuni ya nani analipa tofauti hiyo, ugomvi hauishi. Mamlaka isiyoweza kutunza daftari la kaya ni afadhali iache ngazi kabisa: bei moja ya 2 kwa wote ingeitoza nyumba yetu 72, bado chini ya 82.

Vioski vya kuuzia maji navyo visisahauliwe. Kioski kikitozwa kama biashara, anayebeba maji kichwani analipia ngazi ya juu pamoja na faida ya muuzaji. Uniti moja inajaza madumu 50 ya lita 20, hivyo kukagua bei ni kugawanya tu. Kioski kipewe bei ya ngazi ya kwanza kwa uniti zote, na bei ya dumu iandikwe ubaoni.

Kuhusu kuunganishiwa maji, gharama ya mtaro, bomba na mita ilipwe kidogo kidogo ndani ya bili kwa miezi 24, na barua ya serikali ya mtaa ikubaliwe pale pasipo na hati ya kiwanja.

Mtauliza pengo la mapato litazibwa na nini. Nitaanza na maji yanayopotea. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mwaka 1993 ilikuwa ikipoteza takriban 72% ya maji yake kwa uvujaji, wizi na maji yasiyotozwa bili. Baada ya miaka kumi na kitu ya kubadili mabomba, kufunga mita na kukata laini za wizi, upotevu ulishuka hadi karibu 6%. Hakuna ngazi ya bei inayoweza kuleta mapato ya namna hiyo.

Kikao kijacho cha kujadili bei kikiitishwa, wapangaji wafike na swali moja kwa mamlaka: kila mita mnayoiita ya nyumbani inahudumia kaya ngapi? Jibu likiwa halipo, bei isipitishwe siku hiyo.

Msomaji wako