Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: bando ni chaki

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Mwadila. Ndiyo salamu yetu huku Usukumani jua likishapinda, ingawa saa hizi jua limezama zamani. Ni saa nne na robo usiku, niko jikoni kwangu Mkolani, na mvua imenikatisha kazi. Upande huu wa nyumba hauna dari, ni bati tupu, na mvua ya Ziwa ikishashuka juu ya bati humsikii hata mtu aliyekaa mbele yako, sembuse kurekodi. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kukuandikia. Isingenyesha, barua hii isingekuwepo.

Nikueleze narekodi vipi. Nina stuli ya plastiki, zile zenye tundu katikati ya kikalio. Naipandisha mezani, simu nailaza juu yake, kioo kikitazama juu na kamera ikichungulia tunduni. Chini, kati ya miguu minne ya stuli, nabandika karatasi nyeupe. Taa ya kuchaji naiegemeza kwenye kopo la maziwa upande wa kushoto, ili mkono wangu wa kulia usitupe kivuli kwenye maandishi. Kisha napenyeza mkono kati ya miguu ya stuli, naandika huku naongea. Anachokiona mwanafunzi ni mkono wa mwalimu wake na tarakimu zikijipanga moja moja, kama ubaoni. Ujanja huu sikufundishwa na mtu. Niliugundua usiku mmoja baada ya kuangusha simu mara mbili kutoka kwenye rundo la vitabu, na ya pili ikapasuka kioo.

Nafundisha takwimu katika chuo kimoja cha kati hapa Mwanza, darasa la wanafunzi 212. Mwaka jana tulitangaziwa kwamba nusu ya vipindi vya kila somo vitahamia mtandaoni. Sikupinga, na leo pia sipingi. Nina mwanafunzi anayeuza dagaa asubuhi, nina wawili walinzi wa usiku, nina mama wa mtoto mchanga aliyerudi kwao Ukerewe kujifungua na ambaye bila video angekuwa ameshaahirisha mwaka. Mtandao ukifanya kazi, unawafikia watu ambao ukumbi wa mihadhara hauwafikii. Tatizo langu ni kwamba waliofikiria safari ya mwanafunzi kwenda mtandaoni hawakufikiria mwalimu anafikaje huko.

Tulipewa semina ya siku moja. Mtaalamu alikuja na projekta, akatuonyesha mfumo, "bonyeza hapa, kisha hapa, kisha hapa," tukala pilau, tukasaini karatasi ya mahudhurio, akaondoka na ndege ya jioni. Kesho yake asubuhi nusu yetu tulikuwa tumesahau nywila. Wa kumpigia hakuwepo.

Wacha nikusimulie habari za Mzee. Ndivyo tunavyomwita, na yeye hana neno. Anafundisha uhasibu, amebakiza miaka miwili astaafu, na ukimwona ubaoni na kipande cha chaki anavyolinganisha mizania, utadhani anapiga ngoma. Kipindi chake cha kwanza cha Zoom alifundisha dakika 50 maiki ikiwa imefungwa. Wanafunzi waliandika "Mwalimu hatukusikii" sijui mara ngapi, lakini ujumbe wao ulikuwa unaingia kwenye kidirisha ambacho yeye hakujua kama kipo. Alipomaliza akauliza kama kuna swali, midomo tu inacheza. Jioni kipande cha video kikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na vikatuni vya kucheka. Kikamfikia na yeye.

Baada ya hapo Mzee hakuingia tena hewani. Akawa anapiga picha kurasa za kitabu, anamtumia kiongozi wa darasa, basi. Ukitazama takwimu za chuo utaona somo lake "limehamia mtandaoni" kwa asilimia mia. Mimi ni mwalimu wa takwimu, Mheshimiwa. Nakuomba sana, asilimia za namna hiyo uziangalie kwa jicho la pembeni.

Nilikwenda kwake Buhongwa Jumamosi tatu. Sikuwa na utaalamu wa ajabu. Nilikaa tu pembeni yake kwenye kochi, yeye kwenye kompyuta na mimi kwenye simu kama mwanafunzi, mkewe akituletea chai na viazi vitamu. Jumamosi ya kwanza iliishia kwenye nywila. Ya pili tulizoea kidirisha cha ujumbe. Ya tatu alikata kipande cha boksi la sabuni, akaandika kwa wino mwekundu "KWANZA MAIKI", akakibandika pembeni ya kioo. Jumatatu akaingia darasani. "Mnanisikia?" Wakajibu kwa pamoja, sauti zikagongana. Boksi lile bado liko pale pale, na sasa anafundisha kuliko mimi.

Jumamosi zile tatu hazipo kwenye karatasi yoyote. Hakuna fomu ya kuziandika.

Na hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Saa zetu. Video moja ya dakika sita inanila saa tatu na nusu. Kwanza natafuta mfano wenye uhai: wiki hii niliamka alfajiri kwenda Mwaloni Kirumba kuuliza bei ya ndoo ya dagaa kwa wauzaji kumi na wawili, ili wanafunzi waone jinsi wastani unavyoweza kumdanganya mnunuzi pale muuzaji mmoja anapotaja bei ya kichaa. Kisha naandika nitakachosema. Kisha narekodi, na narekodi tena, maana kuna jogoo wa jirani, kuna bodaboda, kuna mwanangu anayeomba maji dakika ya tano. Halafu nakata, naishusha ubora isizidi MB 20 ili mtu wa bando dogo aweze kuipakua, halafu naipakia. Kuipakia kwenyewe kunaendelea nikiwa usingizini. Kipindi kimoja cha darasani kinataka video nne za aina hiyo. Hesabu hiyo nakuachia, mimi nimeshaifanya na haikunipendeza.

Sasa kwenye mgawanyo wa kazi wa chuo chetu, kipindi cha mtandaoni kinahesabiwa nusu ya kipindi cha darasani. Hoja iliyotolewa kikaoni ni kwamba "mwalimu hasimami." Niliinamisha kichwa nisionekane nacheka.

Kuna atakayekuambia kwamba video ya mwaka huu nitaitumia na mwakani. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana siombi nafuu ya milele. Naomba ya mara moja: muhula ambao mkufunzi anatengeneza somo la mtandaoni kwa mara ya kwanza, apunguziwe vipindi, theluthi moja hivi, na iandikwe kwenye mwongozo wa mzigo wa kazi ili mkuu wa idara asione ananifanyia hisani. Wewe ndiye mwenye kauli kwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi kama chetu, na kwa Tume ya Vyuo Vikuu. Mkuu wangu wa idara, ambaye ni mtu mwema, hawezi kunipa kitu ambacho hakimo kwenye mwongozo.

Hatuanzii sifuri, Mheshimiwa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma, mwambao huu huu wa Ziwa, ikaamua kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Walimu walikuwa hawatoshi. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu wakiwa huko huko vijijini: vijitabu, redio, na wakufunzi wa kuwatembelea. Baba yangu alikuwa mmoja wao, Ukerewe. Asubuhi anafundisha, mchana anafundishwa. Najua watu wanavyolitamka jina la "mwalimu wa UPE", yaani wa mpango ule wa Elimu ya Msingi kwa Wote, na mapungufu yalikuwepo, sitayaficha. Lakini ukimuuliza baba yangu leo, vipindi vya redio ameshavisahau na vijitabu vililiwa na mchwa. Anachokumbuka ni mkufunzi wa baiskeli aliyekuwa anafika na vumbi hadi kwenye nyusi, anakaa dawati la nyuma na watoto, na kipindi kikiisha anamwita chini ya mwembe: "Umewapa watoto mgongo robo saa nzima unaandika ubaoni. Kesho andika huku umegeuka upande."

Nchi hii, wakati haina kitu, ilimpa mwalimu wa mbali mtu wa kukaa naye. Sisi tumepewa mwongozo wa PDF wenye kurasa 64.

Machi 2020 tulipofunga vyuo kwa ajili ya korona, hadi tuliporudi tarehe 1 Juni, wengi wetu hatukufundisha chochote. Miezi miwili na zaidi ikapita hivyo. Nilitegemea tukirudi tutakaa chini tuulizane: siku nyingine ikitokea, nani atatuonyesha? Tulirudi kwenye mitihani.

Huyo mtu wa kutuonyesha ndiye ninayemwomba. Kila chuo kipate mmoja, mwalimu aliyewahi kushika darasa na anayejua mifumo hii, ambaye kazi yake ni kuzunguka ofisi hadi ofisi kama yule wa baiskeli. Fundi wa kompyuta tunaye, ni kijana hodari, lakini yeye anashughulika na kifaa. Ukimwambia wanafunzi wananisinzia mtandaoni nifanyeje, anakutazama tu.

Na tafadhali, kabla hamjatujengea studio, soma hili. Mwaka 2014 watafiti walichambua vipindi milioni 6.9 vya watu wakitazama video za masomo kwenye jukwaa la edX la Marekani. Walikuta mtazamaji wa kawaida havuki dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Walikuta video ya mkono unaoandika inashika watu kuliko slaidi. Na walikuta kwamba video ya mwalimu aliyejirekodi kwa hali ya kawaida inaweza kuvutia kuliko ile ya studio ya gharama kubwa. Niliposoma hayo niliitazama stuli yangu kwa heshima mpya. Fedha za studio moja zingelipa saa za wakufunzi wengi na bado chenji ikabaki ya kununua stuli.

Bando nalo. Tangu nianze kazi hii sijawahi kununua chaki kwa hela yangu. Chuo kinanunua, mimi naandika. Leo bando ni chaki, na tunajinunulia. Sina zaidi ya kusema hapo.

Umeme na mtandao sitakuchosha navyo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya Bahari ya Hindi, sisi wa huku Ziwani, mbali na bahari namna hii, Jumatatu tulikaa tunatazama kile kiduara kinavyozunguka. Hilo halina wa kulaumiwa. Mwalimu mwenye muda wa kujiandaa anakuwa ameshasambaza video zake tangu Ijumaa na nakala ya karatasi iko kwenye duka la fotokopi. Asiye na muda, kipindi kimekufa.

Kusahihisha ndiko nilikokaribia kulia. Zoezi la mwisho wanafunzi 212 walinitumia kurasa nne nne kwa picha za simu. Picha 848. Nyingine zimelala ubavu, nyingine ni dole gumba na jibu nusu. Moja niliikuta ina pembe ya sahani ya ugali na kichwa cha sangara, na namba ya swali la tatu imezama kwenye mchuzi. Nilimpa maksi zake, hesabu yenyewe alikuwa ameipata.

Ukija Mwanza, na najua haipiti miezi mingi bila wewe kuja, usipelekwe ukumbi wa mikutano peke yake. Omba ukae nusu saa na Mzee akifundisha. Uone boksi la sabuni.

Mvua imeanza kukonda sasa, nasikia vyura wa bondeni. Zimebaki dakika mbili za ile video ya dagaa, na jogoo wa jirani huanza saa tisa. Wacha nijaribu kabla yake.

Wako katika kazi,

Mkufunzi wa takwimu
Mkolani, Mwanza