Baraza moja la chifu si mashauriano

Mhariri,

Tangu Mpango wa Shirika, mpango wa serikali ya Kenya wa kugeuza kambi za wakimbizi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji, ulipozinduliwa Machi 2025, mazungumzo kuhusu makazi ya wakimbizi ya Kakuma na Kalobeyei huku Turkana yamekuwa ya manispaa na fedha. Tunaomba nafasi tuzungumzie jambo linalopaswa kutangulia hayo: namna wenyeji wanavyoshirikishwa kabla ya kupigwa kigingi cha kwanza cha makazi mapya ya waomba hifadhi.

Kwanza isemwe wazi baraza linaamua nini. Halipigi kura kama anayekimbia vita apokelewe au afukuzwe; hilo limekwisha kuamuliwa na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Linaamua wakae wapi, maji yatoke wapi, mifugo ipite wapi. Afisa anayeogopa kulisema hili siku ya kwanza huwaacha watu wakiamini wanaweza kukataa. Malori yanapofika, wanajiona wamedanganywa, na wana haki ya kujiona hivyo.

Kosa linalorudiwa sana ni la ratiba. Baraza huitwa kiangazi, saa sita mchana, kwenye ofisi ya chifu. Wakati huo adakar, yaani makundi ya familia zinazohama pamoja, yako mbali na mifugo. Wanaohudhuria ni wenye maduka, vijana wanaotafuta vibarua na wazee wachache: watu ambao makazi mapya yatawaletea kipato. Anayepoteza malisho hayupo. Kikao kimoja lazima kiwe wakati wa mvua, wafugaji wakiwa karibu, na vingine vipelekwe kwenye visima vyenyewe. Wanawake wapewe kikao chao. Wao ndio wauzaji wa kuni na makaa na wachotaji wa maji, lakini mbele ya wazee wengi wao hunyamaza.

Baada ya vikao, watu watembee. Mpima ardhi apite eneo lote kwa miguu pamoja na wazee, wanawake na wachungaji, na ramani ionyeshe makaburi, njia za mifugo na kila ekwar kabla mchoro wowote haujaanza. Ekwar ni sehemu ya miti kando ya laga, yaani mto wa msimu, ambayo familia fulani ina haki nayo. Mhandisi mgeni huona kichaka. Mwenyewe anaona maganda ya mgunga yatakayowavusha mbuzi wake kiangazi. Laga nayo wazee wanaijua kuliko ramani yoyote. Hukaa kavu muda mrefu, kisha ikafurika kwa saa chache kutokana na mvua iliyonyesha mbali. Laga ya Tarach imekwisha kusomba nyumba Kakuma zaidi ya mara moja.

Kwenye maji ndipo amani huvunjika, na sababu yake ni hesabu. Viwango vya dharura vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu wasiozidi 250, na umbali usiozidi mita 500 kutoka nyumbani. Hesabu hiyo huishia kwa binadamu. Mbuzi mmoja anahitaji kama lita 5 kwa siku, ng'ombe lita 20 hadi 30. Kundi la mbuzi 300 basi linakunywa lita 1,500, sawa na mgao wa watu 100. Wasipotengewa maji watafika bombani tu, watakanyaga mabomba, foleni itavurugika, na jioni kutakuwa na fimbo. Birika la mifugo lijengwe kando, upande wa chini wa mteremko ili kinyesi kisirudi kisimani, na maji yake yahesabiwe tangu kisima kinapopimwa uwezo. Tena kisima cha wenyeji kitoe maji kabla wageni hawajafika. Hakuna hotuba inayofanya kazi ya kisima hicho.

Kuni zisiachwe zijisuluhishe. Mgao wa kuni ukiisha kabla ya mwezi kwisha, wanawake wakimbizi huingia porini na huko hupigwa au kudhulumiwa. Wakubaliane mapema: mathenge, mti wa kigeni unaovamia malisho, uruhusiwe kukatwa, miti ya ekwar isiguswe, na wenyeji wapewe kandarasi ya kuuza kuni kwa bei iliyoandikwa.

Ahadi ndizo huleta uchungu wa miaka mingi. Karatasi moja inatosha, kwa Kiswahili na Kiturkana, isomwe kwa sauti: ni kitu gani, kiasi gani, lini, nani atanunua vipuri kikiharibika. Vibarua vya ujenzi vitajwe idadi yake na miezi yake, kwa sababu neno "ajira" peke yake watu huelewa ni ya kudumu. Uganda imejiwekea mwongozo wa kuelekeza asilimia 30 ya huduma kwa wenyeji. Hilo ni jema, lakini asilimia haimwambii mtu wa Kalobeyei zahanati itafunguliwa mwezi gani.

Idadi ikibadilika, rudini barazani. Ardhi ya Kalobeyei, hekta 1,500 hivi, ilitolewa mwaka 2015 ili kupunguza msongamano wa Kakuma. Mapigano ya Juba ya Julai 2016 yakaigeuza kuwa mahali pa kupokea watu wapya kutoka Sudan Kusini. Dharura kama hiyo hairuhusu miezi ya vikao. Kikao cha siku moja cha kusema ukweli inaruhusu.

Waomba hifadhi wenyewe wawemo katika kamati ya malalamiko, pamoja na wanawake na vijana wa pande zote mbili, na kila lalamiko liandikwe daftarini na kujibiwa ndani ya siku 7, hata kama jibu ni hapana. Barazani zitajwe idadi, familia ngapi na tarehe. Jina la mtu na sababu iliyomkimbiza kwao ni siri yake.

Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Tunaiomba kaunti ibandike makubaliano ya kila eneo jipya kwenye ofisi ya wadi na kwenye kila kisima, kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa.

Wahamasishaji wa jamii,
Turkana Magharibi