Mmetupotosha kuhusu tetekuwanga

Mhariri,

Kwa miaka nimesoma kurasa zenu za afya nikinyamaza, ila makala ya kumuuguza mtoto mwenye tetekuwanga imenishinda. Mmesema apewe "dawa yoyote ya homa". Hapana! Aspirini asipewe kabisa: inaweza kumletea ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na kuvimbisha ubongo. Ibuprofeni nayo iachwe, maana imehusishwa na maambukizi makali ya ngozi. Inayobaki ni parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mwasho hutulizwa kwa maji ya uvuguvugu na losheni ya kalamini. Akaushwe kwa kugusagusa taulo, si kusugua. Kucha zikatwe, kwani kipele kilichokunwa ndicho kinachotunga usaha.

Kilichonichoma zaidi ni ushauri kwamba watoto wa jirani waachwe wacheze naye "wamalizane nayo". Mgonjwa huanza kuambukiza siku 1 hadi 2 kabla ya vipele kutokeza, mpaka vyote vikauke na kufanya vigaga. Miongoni mwa hao wachezaji anaweza kuwamo mtoto anayetumia dawa za saratani, ambazo zimempunguzia chembe nyeupe za damu. Kwake virusi hivi huweza kushambulia mapafu na ini, vikamuua. Mzazi wake akisikia tu kuwa mtoto alikaa chumba kimoja na mwenye tetekuwanga, asingoje kipele: apige simu wodini siku hiyohiyo, kwa sababu sindano ya kingamwili, yaani kinga iliyo tayari dhidi ya virusi hivi, hutolewa mapema iwezekanavyo, kabla siku 10 hazijapita. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua naye asisubiri.

Na namba ya kupiga ataitoa wapi? Familia nyingi za watoto wenye saratani huruhusiwa kurudi nyumbani na karatasi ya tarehe za dripu za dawa tu. Hakuna anayewaambia kwamba yupo afisa ustawi wa jamii wa kuulizwa habari za nauli na malazi, yupo mshauri nasaha, kipo kikundi cha wazazi wenzao. Mama mmoja niliyemhudumia alielekezwa kwenye kikundi na mfanyausafi wa korido, matibabu ya mwanawe yakikaribia kwisha.

Basi chapeni kisanduku kila wiki chenye namba za wodi za saratani zinazopokelewa hata usiku, na cheo cha mtu wa kuulizia. Na kliniki ziandike kwenye jalada la daftari la mtoto, kabla dripu ya kwanza haijatundikwa, kama ana kinga ya tetekuwanga au hana.

Muuguzi wa watoto