Wenye mifumo ya malazi watupe modeli kutoka kwenye mfumo wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wamiliki wa hoteli na kambi za kitalii za Kanda ya Kaskazini, pamoja na mafundi wanaowatengenezea mifumo ya kupokea oda za vyumba, kuhusu jambo linaloonekana dogo lakini linalotupotezea siku nyingi sisi tunaoandika programu za kampuni za utalii hapa Arusha.

Programu mbili zinapowasiliana kwa mtandao, kila moja hupaswa kujua taarifa ziwe na sura gani: jina la mgeni ni maandishi, idadi ya watoto ni namba, tarehe ya kuwasili haiwezi kuachwa wazi. Maelezo hayo ndiyo mafundi huyaita modeli. Katika API Gateway, huduma ya Amazon Web Services iliyoanza mwaka 2015 na ambayo hutumika kama lango la mifumo ya namba hii, modeli huandikwa kwa utaratibu wa JSON Schema, yaani kanuni za kueleza sura ya taarifa kwa maandishi ambayo kompyuta huyasoma, na hukaa ndani ya mfumo wenyewe. Hata hivyo, ukiziomba, mara nyingi unapewa faili la PDF lililochapwa na mtu ambaye pengine alishaacha kazi.

Msimu uliopita tuliunganisha programu ya mteja wetu na mfumo wa kambi moja. Waraka tuliopewa ulisema tarehe ianze na siku, na namba ya pasipoti iwe tarakimu tupu. Kila oda tuliyotuma ilirudishwa na kosa namba 400, likiwa na ujumbe mfupi kwamba maudhui ya ombi si sahihi, bila kutaja kipengele kilichokosewa, kwa kuwa ndivyo lango hilo linavyojibu mpaka mwenye mfumo aliagize litoe maelezo zaidi. Kwa siku tisa oda zilipelekwa kwa simu, na dada wa mapokezi akawa anaziingiza upya usiku, moja baada ya nyingine. Siku ya kumi fundi wa kambi alikubali kutupa ruhusa ya kusoma tu. Nilifungua dirisha la amri, nikaandika aws apigateway get-models --rest-api-id pamoja na kitambulisho cha mfumo wao, na katika sekunde chache modeli zote zilikuwa mbele yangu. Tarehe ilipaswa kuanza na mwaka, na pasipoti ilikuwa maandishi, kama ambavyo angetarajia yeyote aliyewahi kushika pasipoti yenye herufi mbele ya tarakimu.

Wapo wanaohofu kwamba kumpa mtu wa nje ruhusa hiyo ni kumkabidhi ufunguo wa nyumba. Naiheshimu hofu hiyo, maana taarifa za wageni ni amana. Lakini modeli haibebi jina la mgeni hata mmoja, na ruhusa yenyewe inaweza kubanwa ibaki kwenye kitendo cha kusoma, tena katika njia ya modeli za mfumo mmoja tu. Asiyetaka hata hivyo, fundi wake aiendeshe amri hiyo mwenyewe na atutumie matokeo.

Kwa mafundi wenzangu nina tahadhari moja ninayoiona kubwa kuliko nyingine. Amri hiyo huonyesha modeli kama zilivyo mezani kwa mhariri wa mfumo kwa wakati huo, na mabadiliko aliyoyafanya jana huenda bado hayajasambazwa kwenye hatua, yaani toleo lililo hewani, inayotumiwa na wateja. Anayetaka kilicho hewani atumie get-export na kutaja jina la hatua husika. Vilevile skima, yaani maelezo yaliyo ndani ya modeli, hurudi ikiwa imefungwa kama mfuatano mmoja wa maandishi wenye alama nyingi za mkwaju, hivyo ifunguliwe kwanza kabla ya kusomwa. Na modeli inayotegemea modeli nyingine huchukuliwa kwa get-model yenye chaguo la --flatten, ili sehemu zote zije pamoja. Tena kuwapo kwa modeli hakumaanishi kwamba lango linazikagua oda, kwa sababu ukaguzi huwashwa kando, njia kwa njia.

Ombi langu kwa wamiliki ni kwamba kabla ya msimu wa Juni kuanza, kila mmoja amwagize fundi wake atoe modeli za mfumo kwa amri, azihifadhi kwenye faili lenye tarehe, na kuwatumia washirika wote faili hilo badala ya waraka wa zamani, na afanye hivyo tena kila anapobadilisha kipengele chochote.

Wako,
Mwandishi wa programu,
Njiro, Arusha