Bayosi isifiche makosa ya keneli

Mhariri,

Msomaji wa Kayole aliyeandika wiki jana kwamba laptopu inapouzwa bayosi yake, ile programu ya kuiamsha mashine, iwe tayari inajua kuficha kasoro za mfumo endeshi (programu kuu ya mashine, kama Windows), "mteja asione kitu", amenitonesha kidonda. Mimi ni fundi wa laptopu hapa Luthuli, ghorofa ya pili. Kasoro zilizofichwa ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba, na ndizo hizo hizo zinazoninyima usingizi.

Jumanne mwalimu mmoja wa Dandora aliniletea mashine ya mtumba kutoka Uingereza. Ilikuwa na Linux, mfumo endeshi wa bure, maana leseni ya Windows ni pesa. Akiifunga inalala vizuri. Akiifungua, feni inazunguka, taa zinawaka, lakini skrini ni giza totoro. Fundi wa kwanza alikuwa amemwambia skrini imekufa. Nilichomeka nyingine, giza lile lile. Nikahangaika nayo hadi saa ambazo makanga hupandisha nauli, ndipo nikauona mstari ambao mtu aliuongeza kwenye maagizo ya kuwasha mashine: bayosi ikiuliza kama mfumo huu ni Linux, jibu ndiyo.

Hapo lazima nieleze. Bayosi ni programu iliyochomwa kwenye chipu ya ubao mkuu, nayo huamka kabla ya mfumo endeshi. Intel, Microsoft na Toshiba walitoa kanuni za ACPI mwaka 1996, na chini ya kanuni hizo bayosi huikabidhi keneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi, majedwali ya maagizo kuhusu umeme, joto na usingizi wa mashine. Baadaye likaingia swali humo, bayosi ikiiuliza keneli: wewe ni fulani? Jina "Windows 2009" ni la Windows 7, "Windows 2012" la Windows 8, "Windows 2015" la Windows 10.

Swali hilo likawa mlango wa ujanja. Kuna wakati Linux ilikuwa hoi kuirudisha skrini baada ya usingizi. Mtengenezaji fulani hakutaka kungoja, akaandika kwenye bayosi yake: ukisikia jina Linux, anzisha upya mitambo ya picha mwenyewe. Siku ile wateja walifurahi. Kisha keneli ikajifunza kazi yake, draiva za picha, yaani programu zake za kuendesha skrini, zikawa zinairudisha skrini bila msaada, lakini ile chipu haikupata habari. Ikaendelea kumtibu mtu aliyekwisha kupona, ikivuruga kazi ya draiva. Wanaoitunza Linux ilibidi waifundishe kulikana jina lake: tangu toleo la 2.6.23, mwaka 2007, ikiulizwa kama ni Linux inajibu hapana, ikiulizwa kama ni Windows inajibu ndiyo. Inaishi kwa kitambulisho cha jirani! Na yule aliyeuongeza ule mstari kwenye mashine ya mwalimu aliilazimisha kusema ukweli. Nilipoufuta, skrini ikaamka.

Najua nitaulizwa: mbona keneli nayo hufunika makosa ya bayosi? Hufunika, tena kila siku. Linux ina orodha ndefu za mashine zenye vituko, na ikikuta kosa huandika wazi kwenye kumbukumbu zake kwamba bayosi ndiyo yenye hitilafu. Lakini orodha hiyo inasomeka, na kiraka kikiisha kazi kinang'olewa, mtu akasasisha mfumo wake usiku kwa bando. Bayosi nani anaisasisha? Tangu nianze kazi hii sijamwona mteja akipanda ngazi zile kuniambia nimsasishie bayosi. Nami siwalaumu. Mwaka juzi nilikuwa katikati ya kazi hiyo, betri ya mashine ikiwa mbovu, stima ikapotea. Ubao ukabaki jiwe. Ilibidi nishike chipu yenye miguu minane kwa kibanio na kuiandika upya kutoka kompyuta nyingine, jasho likinitoka, mwenye mashine amesimama mlangoni.

Ndiyo maana kiraka kikiingia huko chini hakitoki. Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta ya PC/AT yenye chipu kuu ya 80286. Chipu ya kabla yake ilikuwa na nyaya 20 za anwani, yaani za kutaja mahali kwenye kumbukumbu, ikifika mwisho wa megabaiti 1 inarudi sifuri, na programu kadhaa zilishazoea kutegemea hilo. Mpya ilikuwa na nyaya 24, haikurudi. Wahandisi wakauzuia waya wa 21 kwa kutumia mguu uliokuwa hauna kazi kwenye chipu ya kibodi. Kibodi, jamani. Programu zile zilikufa, lakini kwa miaka mingi keneli za PC ziliendelea kuanza siku kwa kuibembeleza chipu ya kibodi izifungulie kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti hiyo.

Sisemi bayosi isisaidie kamwe. Mashine ikiwa haiwezi hata kuwaka ili iwekewe keneli iliyorekebishwa, basi bayosi iisaidie, lakini kuwe na swichi kwenye menyu yake ya kuuzima msaada huo. Vinginevyo aliyeliona kosa la keneli awaandikie wenye keneli, kwa Linux mlango uko wazi. Na vijana wetu wanaoandika fimwea (programu za kwenye chipu, kama bayosi) za mita za sola na vifaa vya kufuatilia bodaboda, nawaomba wakiuliza, waulize mfumo unaweza nini, waache kuuliza unaitwa nani.

Mwalimu anakuja Jumamosi kuchukua mashine yake. Msomaji wa Kayole akipita Luthuli kabla ya hapo, nitaurudisha ule mstari alione giza hilo kwa macho yake. Chai ni juu yangu.

Fundi wa laptopu,
Luthuli, Nairobi