Mama, nakujibu lile swali lako

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na natumai nyote hapo Mariakani hamjambo na goti la Baba limepata nafuu. Karo nilituma Ijumaa.

Juzi uliniuliza kwa nini siku hizi naongea mambo ya sheria na serikali, mimi niliyekuwa nikitoka nje redio ikianza habari. Basi la kazini lilikuwa linapiga honi, sikukujibu.

Unakumbuka ule mkataba wa Nairobi? Kwa wakala tulipanga foleni, kila mtu akaonyeshwa pa kutia sahihi. Sikusoma hata mstari. Nilipofika Doha kampuni ikachukua pasipoti yangu, nikadhani ndivyo ilivyo.

Chumbani tuko sita: Wakenya watatu, Waganda wawili na Mtanzania wa Tanga. Usiku simu zetu zilikuwa za mpira na muziki tu. Siku moja huyu wa Tanga akatufungulia sauti aliyotumiwa kwenye WhatsApp. Mlinzi wa kambi nyingine alikuwa anasoma sheria ya kazi ya hapa Qatar kwa Kiswahili, pole pole, kama mtu anayemsomea mzazi wake barua. Kwamba tangu Machi 2021 mshahara wa chini kabisa ni riyali 1,000, na mwajiri asipokupa chakula aongeze 300, asipokupa malazi aongeze 500. Kwamba haruhusiwi kukaa na pasipoti yako. Kwamba unaweza kuhamia kazi nyingine bila kibali chake, ukitoa notisi. Tuliirudia mara tatu. Nikatoa mkataba wangu chini ya godoro: 900.

Mama, sheria hiyo ilikuwa kwenye intaneti muda wote, na Kiingereza nakisoma. Lakini haikuniingia mpaka niliposikia ikisemwa na mtu anayevaa sare kama yangu, kwa lugha uliyonilea nayo. Tulienda watatu kwa meneja, mikono ikinitetemeka. Pasipoti tulipewa baada ya wiki mbili. Mshahara bado nafuatilia wizarani. Mgeni hapa haruhusiwi kuunda chama cha wafanyakazi, kwa hiyo tunasukuma kwa karatasi.

Ndiyo maana Juni 2024 sikulala. Vijana huko nyumbani walikuwa wakiuchambua Mswada wa Fedha kwa lugha za makwao, kama yule mlinzi. Tarehe 25, watu walipoingia Bungeni na risasi zikalia, tulikuwa sita kwenye kitanda kimoja, macho kwenye simu moja. Mganda akaniuliza kama Katiba yetu inaruhusu kuandamana. Sikuwa na jibu. Usiku ule ndio nilisoma kifungu cha 37, kwa mara ya kwanza maishani: kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Nililia, Mama.

Mwaka 2022 Wakenya walipigia kura ya rais hapa hapa Doha. Picha za matusi ya wagombea zilinifikia zote. Habari ya kujiandikisha haikunifikia. 2027 nataka kuwa kwenye foleni, na nimeshaanza kuwaambia wenzangu kwa sauti.

Sasa kuhusu kitinda mimba wako. Wakala akimpa mkataba, asitie sahihi siku hiyo. Apige picha kila ukurasa anitumie. Nitausoma wote kwa sauti, na wewe na Baba mkae naye msikilize.

Mwanao